Mfalme wa Krákueyri

Sighvatur alilitamka neno "tapeli" mara ya tatu, na Kolfinna akakitua kikombe chake cha kahawa kwa kishindo hadi kijiko kikaruka.

"Ukilisema tena nakuachia kazi yako," alimwambia. "Mimi tapeli sijamwona bado. Nimemwona mtu aliyeshinda na mtu aliyeshindwa, na anayepiga kelele ni huyo aliyeshindwa."

Sighvatur, mwamuzi mkuu wa mashindano ya ubingwa wa sataranji wa Iceland, alijifunga tena tai ambayo tayari ilikuwa imefungwa vizuri. "Kolfinna, mimi sina ugomvi na mtu. Nataka jibu tu. Raundi ya mwisho inaanza saa tisa alasiri. Bila jibu, Sunneva hachezi."

"Na anaongoza."

"Kwa nusu pointi. Najua. Ndiyo maana waandishi wa habari wamejaa nje."

Kolfinna Steinsdóttir alikuwa mpelelezi wa polisi kule Akureyri mpaka alipostaafu, na chama cha sataranji kikamchukua awasake wanaoiba michezo kwa simu na vidubwasha vya masikioni. Mchezo wenyewe aliucheza vibaya, na hakuona haya kusema hivyo. Watu aliwajua zaidi kuliko kete. Na jambo moja lilikuwa limemkaa rohoni tangu jana: Sighvatur alikwenda kwenye kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima, akatangaza kwamba ushindi wa Sunneva Karlsdóttir dhidi ya Ormur Hallsteinsson umesimamishwa kwa tuhuma za udanganyifu. Msichana alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake. Ukimtangaza mtu namna hiyo, ukweli ukija baadaye unakuta kiti kitupu.

Ormur aliingia bila kubisha hodi, ubao mkononi. Alikuwa gwiji, bingwa wa nchi mara tatu, na alitembea kama mtu anayejua kwamba watu wanamtazama.

"Kolfinna, wewe si mchezaji, kwa hiyo nitakwenda polepole."

"Nenda polepole, rafiki yangu. Nimewahoji wauaji, nimezoea kungoja."

Akazipanga kete. "Gambiti ya Mfalme. Mchezo wa mababu, siku hizi hakuna mwenye akili anayeucheza. Hatua ya pili anatoa askari wa bure. Ya tano anamficha mfalme wake, na farasi anamwacha aliwe. Ya nane anamtupa askofu. Mpaka hapo ni wazimu, lakini wazimu unaojulikana, vitabu vinao."

"Na ya tisa?"

Ormur akamshika mfalme mweupe kwa vidole viwili, akamsogeza nyumba moja, kwenye kona ya ubao. "Hii hapa. Nina kete mbili zaidi yake. Mfalme wangu yuko uchi katikati ya ubao. Kila nafasi kwake ni dhahabu, na yeye anaitumia kumpeleka mfalme wake kwenye kona! Ni kama mtu anayepanga viatu mlangoni huku nyumba inaungua."

"Alikosea, basi. Watu wanakosea."

"Alikosea! Kompyuta yoyote itakuambia ni upuuzi. Sasa nisikilize. Kujiandaa nyumbani na kompyuta ni halali, sote tunafanya. Lakini hakuna anayejiandaa nyumbani na kosa. Kwa hiyo alipofika hatua ya tisa alikuwa ameishiwa, yuko peke yake na kichwa chake. Na kuanzia hapo akacheza hatua kumi na nne, zote zile zile ambazo kompyuta ingezichagua, bila kuumiza kichwa hata dakika moja. Zilitoka wapi?"

Hoja ilikuwa nzito, na ilimuudhi Kolfinna kwa sababu ilikuwa nzito.

"Halafu," Ormur akaendelea, sasa ameketi juu ya meza ya Sighvatur, "kila mara anainuka anakwenda dirishani. Nje kuna shangazi yake na kigari cha mtoto. Shangazi anakitikisa kigari. Anatikisa, anaacha, anatikisa tena. Piga hesabu mwenyewe."

"Ebo! Ormur, jana chini ya madirisha yale kulikuwa na vigari vitano. Watoto wachanga wa nchi hii wote wanalala mchana nje, kwenye vigari. Nao wengine walikuwa wanamtumia nani hatua?"

"Wengine hawakunishinda mimi," alisema Ormur, na akatoka.

Kolfinna alimkuta Sunneva kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha ukumbi wa michezo, amekaa kwenye benchi chini ya ndoano za makoti, ananyonyesha. Mtoto alikuwa wa miezi minne na, kama ilivyo desturi ya huko, bado hajapewa jina. Mama mtu alikuwa na miaka ishirini na sita, mabega mapana, macho makavu.

"Wamenipekua mpaka nepi ya mtoto," alisema kabla hajaulizwa. "Wewe umekuja kutafuta wapi?"

"Nimekuja kuuliza. Ile hatua ya tisa umefundishwa na nani?"

"Hakuna kanuni inayonilazimisha kusema."

"Hakuna. Lakini usiposema, saa tisa wanakuondoa. Halafu kifungo cha kutocheza miaka miwili. Na hata kikiisha, jina halirudi."

"Waniondoe."

"Sunneva, mimi siko upande wa Ormur."

"Sikukuuliza uko upande gani." Alimhamishia mtoto ziwa la pili, taratibu, bila kumwondolea Kolfinna macho. "Nilikaa mezani, nikacheza, nikamshinda. Akitaka kujua kwa nini, sababu nimeiacha pale pale ubaoni. Aitafute. Si ndiye bingwa?"

"Ulijiandaa nyumbani?"

"Natoka Krákueyri, mji wa wavuvi. Kule tunacheza. Basi."

"Na Krákueyri watasemaje wakisikia mtu wao amefungiwa kwa wizi?"

Hapo ndipo lile jicho kavu lilipocheza. Kidogo tu, kisha likatulia. "Krákueyri waache. Usiwataje kabisa."

Kolfinna akaondoka na hilo. Mtu anayejilinda mwenyewe hujieleza hadi mate yanamkauka. Huyu hakujieleza hata kidogo. Alikuwa anamkinga mtu mwingine, au kitu kingine, na alikuwa tayari kumtupa Sunneva Karlsdóttir ili kile kitu kisiguswe.

Alianza na shangazi, kwa kuwa tuhuma ni lazima zifuatwe hata zikiwa za kipumbavu. Alikwenda kwa mafundi wa kamera, akawauliza michezo inaonekana mtandaoni baada ya muda gani. Dakika kumi na tano, wakamjibu, ilicheleweshwa makusudi ili mtu wa nje asiweze kusaidia. Kolfinna akakaa kwenye kiti cha fundi akaangalia mchezo wote. Sunneva alikuwa akijibu mara tu Ormur alipobonyeza saa. Shangazi pale nje, hata angekuwa na kompyuta tano ndani ya kigari, angejua hatua ya Ormur wakati Sunneva ameshaijibu zamani. Kigari kilikuwa kigari tu, na mtoto alikuwa mtoto.

Alikuwa karibu kuinuka alipomwambia fundi, "Hebu rudisha nyuma. Hapo, hatua ya tano."

Ilikuwa ile hatua ya kumficha mfalme. Kanuni yake kila mtoto wa shule anaijua: mfalme anaruka nyumba mbili kwenda ubavuni, na ngome inamruka inakaa upande wake wa pili, kona inabaki tupu. Sunneva alimwinua mfalme vizuri, akavuka nyumba ya kwanza, akavuka ya pili, akafika juu ya kona yenye ngome, mkono ukasita hewani. Ndipo akarudi nyumba moja, akamtua.

"Hofu," alisema fundi. "Ormur anatisha watu."

"Huyu hatishwi na Ormur wala baba yake Ormur. Niwekee raundi ya tatu."

Raundi ya tatu, mkono ule ule, juu ya kona ile ile, na kurudi. Raundi ya sita, vivyo hivyo. Kolfinna akajikuna kidevu. Mkono haukuwa na hofu. Mkono ulikuwa na mazoea, na kila mara kichwa ndicho kilichoushika na kuurudisha.

Kule nje upepo wa Aprili ulikuwa unapiga theluji nyepesi ubavuni. Mtoto alikuwa amesharudishwa kwenye kigari, amefunikwa, amelala fofofo. Pembeni yake alikaa Dagbjört, shangazi mtu, daktari wa meno wa Krákueyri na mwenyekiti wa klabu yao, ndani ya sweta nzito ya sufu, akitafuna kleina, andazi la kusokotwa, kama mtu mwenye kinyongo na kleina.

"Wewe ndiye wa polisi," alisema.

"Nilikuwa. Sogea." Kolfinna akatoa mfukoni ubao mdogo wa safari. "Unacheza?"

"Nani Krákueyri asiyecheza? Kasisi anacheza. Mkuu wa shule anacheza. Mimi nang'oa meno huku ubao uko wazi kwenye chumba cha kusubiria, na wagonjwa wananikaripia niwahi kusogeza."

"Chukua nyeupe, basi. Mikono itaganda tukikaa bure."

Dagbjört alimtazama kwa shaka, lakini kete ni kete. Askari mbele. Askari wa pili, wa bure. Kolfinna akamla, kama Ormur alivyomla. Wakaenda hivyo, Kolfinna akifuata mchezo wa jana kwa makusudi na Dagbjört akicheza huku akilalamikia hali ya hewa, bei ya malazi huku kusini, na kahawa ya ukumbini ambayo alisema ni ya kuoshea miguu. Ikafika hatua ya tano. Mkono wa daktari wa meno ukamchukua mfalme, ukampeleka mpaka kwenye kona, ukairusha ngome juu yake, ukarudi kwenye kleina. Maneno hayakukatika hata nukta moja.

"Dagbjört," alisema Kolfinna. "Huyo mfalme umemweka wapi?"

Dagbjört akatazama ubao. Rangi ikamtoka, kisha ikamrudia mara mbili. Akanyoosha mkono azifagie kete zote, na Kolfinna akamdaka kifundo.

"Achia."

"Siachii. Kanuni inasema nyumba mbili."

"Kanuni naijua! Unaniona mjinga?"

"Sikuoni mjinga. Naona mkono wako umefanya kile ambacho mkono wa Sunneva unataka kukifanya kila siku. Niambie."

Dagbjört akaurudisha mkono wake mapajani.

"Ingimundur ndiye aliyetufundisha," alisema. "Mkuu wa bandari. Mji mzima, vizazi viwili. Barabara yetu inafungwa na theluji karibu nusu ya mwaka, hakuna aliyekuja kutusahihisha. Yeye alifundishwa na babake kwamba mfalme anakwenda mpaka kwenye kona. Tukacheza hivyo. Nilipokuwa msichana tukaleta timu huku kusini kwa mara ya kwanza. Ingimundur akakaa meza ya kwanza, akamficha mfalme wake." Akaionyesha ile kona kwa kidole. "Ukumbi mzima ulicheka, Kolfinna. Wazee na vijana. Mwamuzi alicheka. Wakatuita wavuvi wasiojua hata mfalme analala wapi. Alirudi nyumbani na mpaka anakufa hakukanyaga tena ukumbi wa mashindano."

"Na ninyi mkabadilisha."

"Tubadilishe kwa sababu gani? Tukienda nje tunafuata kanuni yenu. Nyumbani, mfalme anakwenda kwenye kona. Kwa heshima yake, na kwa ukaidi, nao tunao wa kutosha. Lakini tulikubaliana, asiyekuwa wa kwetu hataambiwa. Hawatatucheka mara ya pili."

Kolfinna aliutazama ubao na mambo yote yakakaa mahali pake. Sunneva alikuwa ameucheza mchezo huu tangu hajaota meno ya ukubwani, maelfu ya mara, mfalme akiwa kwenye kona. Kwenye ubao wa nchi, kanuni ilimwacha nyumba moja kabla ya kwao. Kwa hiyo, kwenye hatua ya tisa, huku moto unawaka, alitoa nafasi moja ya dhahabu ili afike pale anapopajua. Kompyuta iliita upuuzi. Baada ya hapo hakuwa tena peke yake na kichwa chake. Alikuwa na mji mzima nyuma yake, uliozicheza zile hatua kumi na nne kwa vizazi viwili, na Ormur ndiye aliyekuwa ugenini.

"Ukiwaambia, watacheka," alisema Dagbjört.

"Nisipowaambia, watamwita mwizi. Maisha yake yote."

Dagbjört akakung'uta makombo kwenye sweta. Akamwita mama mmoja aliyekaa benchi la pili, akamwomba amwangalizie kigari. Kisha akasimama, mfupi, mpana, amevimba kwa hasira ya miaka mingi. "Nipeleke kwa huyo Ormur."

Saa nane na nusu walikuwa wote chumbani kwa Sighvatur. Kolfinna alisema yote aliyoyaona, kwa mpangilio: dakika kumi na tano, mkono juu ya kona, raundi ya tatu, ya sita, na yaliyotokea kwenye benchi. Alipomaliza, Sunneva alikuwa amegeuka mweupe kama ukuta.

"Shangazi! Umesema?"

"Nimesema. Nimechoka kukionea haya kitu kinachotushindisha."

Ormur alianza na kicheko kidogo, kikakua. "Mji mzima! Jamani, mji mzima haujui kumficha mfalme!" Akapangusa macho. "Hadithi tamu. Na ni hadithi tu. Mchezo wa jana uko mtandaoni, shangazi na mpwa wamekuwa na usiku kucha wa kuutunga huu uongo. Mchezo wenyewe ni takataka. Bila kompyuta mfukoni hauna maana, mtu yeyote angemla akashiba."

"Sawa," alisema Kolfinna. Alikuwa akilingoja neno hilo. "Keti ule."

"Nini?"

"Keti. Dagbjört achukue nyeupe, wewe nyeusi. Kanuni za nchi, si za Krákueyri. Nimempekua mimi mwenyewe. Huyu ni daktari wa meno, hana cheo chochote. Atakupa askari, atakupa farasi, atakupa askofu, halafu atapoteza nafasi kwa kumpeleka mfalme kwenye kona. Wewe umekuwa na usiku kucha na kompyuta yako kuitafuta dawa. Mle, ushibe, na mimi nitaandika kwamba Sunneva ni tapeli."

"Sichezi na madaktari wa meno."

"Utacheza," alisema Sighvatur, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Aliweka saa mezani.

Ormur alitazama mlango, kisha nyuso nne, akakaa. Dagbjört hakumpa hata salamu. Askari mbele. Ormur akajibu. Dagbjört akamsukuma askari wa pili, yule wa bure, akamwacha pale katikati ya ubao, hana mlinzi.

Mkono wa Ormur ukatoka. Ukafika nusu ya njia, ukasimama.

Saa ilikuwa inakwenda upande wake. Alikunja paji la uso. Alikuwa anaiona ile njia, wote waliona kwamba anaiona: farasi, askofu, kona, na zile hatua kumi na nne zikimjia tena moja baada ya nyingine. Alishika kidevu. Alivuta kiti. Jasho jembamba likatokeza juu ya mdomo wake. Mwishowe akaurudisha mkono kwake, akasukuma askari mwingine kabisa, mdogo, wa pembeni, ili asile.

"Mbona huli?" aliuliza Kolfinna.

"Ni... ni suala la mtindo."

"Jana ulikula."

"Nina haki ya kucheza nitakavyo!"

"Unayo. Lakini dakika tano zilizopita ilikuwa takataka, mtu yeyote angeshiba. Mbele yako yuko daktari wa meno, mfuko mtupu, na unaogopa askari mmoja." Kolfinna akainama, uso karibu na wake. "Ulijua, Ormur. Ulijua ule mchezo unauma wenyewe, bila kompyuta. Ulipokaa na kompyuta usiku ukaona dawa ipo, ila ni ya mashine, si ya kichwa cha mtu. Ila kushindwa na msichana wa Krákueyri ilikuwa aibu, kuibiwa si aibu. Ukachagua."

Sighvatur akaisimamisha saa kwa kiganja.

"Inatosha," alisema. "Matokeo ya jana yanabaki. Ormur, tutaonana na kamati, na safari hii tutazungumza juu yako." Akamgeukia Sunneva, akalainisha sauti. "Nenda mezani kwako, binti. Zimebaki dakika kumi."

Sunneva hakuondoka. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeshikamana nyuma.

"Jana ulinitangaza kwenye kipaza sauti," alisema.

"Tutatoa taarifa ya maandishi, nzuri kabisa, kwenye tovuti ya..."

"Kwenye kipaza sauti. Sichezi mpaka nisikie."

"Haya, haya. Nitasema tuhuma zimeondolewa."

"Useme na kwa nini."

Sighvatur akamtazama Kolfinna kuomba msaada, asiupate. "Sunneva, fikiria. Niwaambie watu habari za kona? Ukumbi umejaa. Watacheka."

Dagbjört alikuwa ameshika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe. Sunneva akamtazama shangazi yake kitambo, na Dagbjört akaitikia kwa kichwa.

"Wacheke," alisema Sunneva. "Waambie Krákueyri mfalme anakwenda kwenye kona. Waambie tulifundishwa hivyo na Ingimundur Oddsson, mkuu wa bandari, na kwamba jana ndiye aliyemshinda bingwa wenu. Na jina lake ulitamke taratibu, Sighvatur, walisikie mpaka viti vya nyuma."